Nyaya Mbili kati ya Tano

Kimeletwa kimefungwa kwa gazeti la juzi,
kisanduku cha redio namba mbili,
hakizidi nusu mche wa sabuni.
Kapteni Lokwawi ameandika kwenye daftari la ndege:
"Mara inashika, mara haishiki."
Basi. Ndiyo barua nzima.

Watu hudhani sauti hukaa humu.
Humu hamna sauti. Mna nobu mbili, moja ndani ya nyingine,
kubwa kwa namba nzima, ndogo kwa desimali,
na nyuma, kwa kila tarakimu, nyaya tano nyembamba.
Ukizungusha, mbili kati ya tano hugusa ardhi,
na redio, iliyolala mkiani mwa ndege,
huitambua jozi, ikajua unatafuta kituo gani.
Tano hutoa jozi kumi, na tarakimu ni kumi:
aliyeyapanga haya hakubakisha hata chenji.

Ardhi, kwetu mafundi, ni bodi ya ndege, bati lake.
Nilipofundishwa neno hilo nilicheka:
futi elfu kumi juu ya Wajir
na bado swali huulizwa kwa kugusa ardhi.

Nakiunganisha mezani, hapa Wilson,
volti ishirini na nane, taa tano kila safu.
Mimi nazungusha, Nyaboke anasoma.
Mia na nane nukta sifuri. Taa mbili.
Nukta moja. Taa mbili, na ile nyekundu ya pembeni:
chini ya mia na kumi na mbili
desimali witiri huiamsha njia ya kutua,
shufwa huiacha ilale.
Tunapanda hadi mia na kumi na saba. Mbili, mbili, mbili.
"Kizima," asema Nyaboke, keshachukua kalamu.

Ngoja.
Lokwawi huruka na miraa saa kumi na mbili asubuhi,
jua halijafika Lang'ata,
na huu ni Julai.
Sisi tunapima saa saba mchana, hita inawaka, chai mkononi.
Methali inasema ziba ufa;
haisemi ufanyeje na ufa
unaojiziba wenyewe ukiona joto.

Tukakilaza nje ya dirisha usiku kucha.
Alfajiri kina umande, vidole vinaniuma.
Mia na tisa: taa moja.
Moja tu, imesimama
kama aliyefika harusini bila mwenzake.
Nikakipulizia pumzi ya kifua,
ya pili ikawaka.
Nyaboke akatukana kwa Kikisii, polepole, kwa heshima.

Chini ya lenzi, mguu wa waya wa tatu:
lehemu ina duara jeusi, jembamba kuliko unywele.
Nikaiyeyusha upya. Moshi, harufu ya msonobari.
Kisha dirishani tena.
Bwana Gitahi anauliza kisanduku kinaota nini huko nje,
mteja kapiga simu mara tatu.
Sikumjibu vizuri.

Jumamosi. Mbili, mbili, mbili, kwenye baridi.
Naandika tarehe, namba ya leseni, na sahihi
ambayo hakuna rubani aliyewahi kuisoma.
Wingu limekalia Ngong.
Injini zinanguruma mwisho wa njia,
na mtu, anawaza yake,
anazungusha nobu bila kuitazama.