Wiki Nane

Aliingia dukani daftari usoni kama shela ya bibi harusi,
akanunua peremende,
kisha wembe,
kisha akasema ndugu yake ana tatizo.
"Ndugu yako ana miaka mingapi?"
"Kumi na mitano."
"Na wewe?"
Daftari likashuka hadi puani.
Nikaliona paji: lote limeumuka
kama uji wa wimbi unapoanza kutokota.

Endekwa, kidato cha pili,
nyumba ya tatu ukipita kinu, hapa Chavakali.
Shuleni wanamwita Ramani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Lamu
aliyeletwa na kazi kwenye mawe na baridi yetu,
alisema chunusi ni neno lenye nyumba mbili:
kipele cha usoni,
na zimwi la majini limvutalo mwogeleaji mguu
mpaka maji yamfunike.
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila alfajiri
nikiinamia beseni
nilimwona mtu anazama.

Shangazi Vihenda alinipenda, ndiyo maana aliniunguza.
Ndimu. Dawa ya meno. Kisha kopo lisilo na jina
kutoka soko la Mbale, likinukia waridi.
Wiki mbili niling'ara kama sahani mpya.
Ya sita, ngozi ikawa karatasi,
vipele vikarudi na ukoo wao wote.
Wanawake jikoni wakasema ni hamu ya mume.
Hamu! Nilichotamani ni kupita sokoni
bila kuhesabiwa.

Basi sikia, Endekwa, wewe na huyo ndugu yako.
Hii ni benzoili, ile ya nguvu ndogo.
Kiasi cha punje ya njegere, usiku, eneo lote,
usikifukuze kipele kimoja kimoja
kama anayezima moto wa nyasi kwa kijiko.
Sabuni laini asubuhi na jioni;
usisugue, uso si sufuria.
Mafuta ya nywele yasishuke pajini.
Kucha zako, ziweke mfukoni.
Foronya yako itapauka, ngozi itakauka,
wiki ya pili utanilaani.
Nilaani, lakini paka.
Na ukiota uvimbe wa ndani, wenye kukuamsha kwa maumivu,
huo si wa kaunta hii; nenda Kakamega, kliniki ya ngozi,
kabla haujachimba.
Wiki nane. Ndipo tuhukumu.

Minayo alileta kitoto cha wiki tatu,
mashavu yametapakaa vidoto vyekundu.
Alitaka dawa kali. Nikamwambia maji ya vuguvugu,
usikamue, usipake mafuta, vitaondoka vyenyewe.
Akaondoka amenuna, noti bado mkononi.
Nani anapenda duka linalokataa kuuza?

Na mimi? Arobaini na tatu.
Kila mwezi, siku nne kabla ya damu,
mgeni yuleyule anatua kidevuni na sanduku lake.
"Daktari," wanacheka, "dawa yako imekukataa wewe mwenyewe?"
Mimi si daktari. Nina tyubu nyingine, ya usiku,
ile nisiyomuuzia mjamzito hata akilia,
na kalenda ya kampuni ya mbolea
ninayoitia alama kwa kalamu nyekundu.
Mashimo ya shangazi yako palepale, mashavuni.
Hayo hayana tyubu hapa. Tumezoeana.

Jumamosi Endekwa alikuja kununua betri.
Daftari lilikuwa kwapani.
Kola ya shati lake ina madoa meupe,
dawa imekula rangi.
Paji bado halijatulia; kushoto pameshuka, kulia panabisha.
Sikusema neno. Nikamrudishia chenji.
Akanitazama kidevu, bila haya,
kama fundi amtazamavyo fundi:
"Wewe uko wiki ya ngapi?"