Kituo cha Kumi na Tatu

Karatasi inasema: anzia kizingiti cha benki,
tazama chini kabla hujatazama saa.
Nami Tončka, fundi cherehani mstaafu,
magoti mawili, moja tu la kuaminika,
nimeinama katikati ya Ljubljana, Jumanne asubuhi,
kama mtu aliyeangusha sindano.

Miaka hamsini na miwili nimeupita mlango huu.
Nimekuja kuweka, nimekuja kutoa,
siku moja nilikuja kukopa nikanyimwa,
na siku zote hizo nilikuwa nakanyaga bahari.

Lamba kidole, inasema karatasi,
kipitishe juu ya jiwe jeusi lililokauka.
Nikalamba. Jiwe likaitika:
weupe ukachomoza, mrefu, uliopinda,
kama nyuzi za mshono wa haraka,
makombe ya chaza waliosimama wima topeni
kabla ya kuwapo mtu wa kuwala.

Mlinzi akatoka. Kijana, koti limemzidi mabega;
ningelipunguza kwa nusu saa.
"Mama, umepoteza nini?"
"Sijapoteza. Nimeokota."
Akainama naye. Hakusema kitu.
Kisha akalamba kidole.

Kituo cha tatu, matale ya kijivu kutoka milima ya Pohorje,
chumvi na pilipili, moto uliopoa bila haraka.
Kituo cha tano hakipo. Karatasi ni ya zamani;
ukuta wameuvika vioo tangu juu hadi chini,
nikaona uso wangu tu,
tabaka juu ya tabaka.
Cha sita ni jiwe la mchanga. Hilo mvua inalila,
bandu bandu, kama panya na mkate,
na mchanga wake unaingia mtaroni, mtoni,
kwenda kuwa jiwe la watu wengine.

Lakini sikutoka nyumbani kwa ajili ya vituo kumi na viwili.

Kaka yangu Albin alichonga mawe tangu ana miaka kumi na sita.
Alikuwa na siri moja, akaniambia mara mbili,
na mara zote mbili alikuwa amelewa:
"Sokoni, nguzo ya pembeni, upande wa mto,
kuna jiwe nililipandisha kichwa chini.
Msimamizi alikuja na timazi yake, hakuona.
Padri akaja kubariki, hakuona."
Nilicheka. Jiwe lina kichwa?

Lina. Nimejifunza leo, kituo cha nane, kwa lenzi yake
yenye ufa na harufu ya tumbaku mpaka sasa.
Chaza alipokufa, tope liliingia ndani ya kombe
haba na haba, likatulia chini,
nafasi iliyobaki juu ikajaa fuwele nyeupe.
Tope halina upendeleo. Tope huenda chini.
Ndiyo maana kila kombe, kama kikombe mezani,
linakumbuka juu ilikuwa wapi.

Basi nikaisoma nguzo ya pembeni, jiwe kwa jiwe.
La kwanza: giza chini, weupe juu.
La pili, la tatu, vivyo hivyo.
La nne, usawa wa kiuno changu,
weupe chini. Giza juu.

Nikaweka kiganja.
Baridi, kama paji la uso wake siku ile.
Kumbe hukuwa umelewa sana, Albin.
Jiwe lako limesimama kwa kichwa
miaka arobaini na saba, limebeba paa,
limebeba theluji, limebeba njiwa wote hawa.

Nikatoa penseli ya kuchorea vitambaa,
nikaandika pembezoni mwa karatasi: 13.
Halafu sikujua niandike nini mbele yake.

"Mama, unazuia wateja," akasema muuza kome.
Nikasogea. Nikanunua nusu kilo.
Njiani nikafungua mfuko mara mbili
kuangalia wamelala vipi.