Kiti cha Nyuma

Fundi Dadi Chilemba ananiuliza kama naijua shokapu.
Naijua.
Miaka kumi na mmoja nimekaa juu yake,
Tandahimba hadi Nanyamba, Nanyamba hadi Mtwara.
Wa mbele hulipita shimo.
Wa nyuma hulipokea.

Mfaume aliinunua kwa Mzungu
aliyevuka Ruvuma pale Kilambo akitetemeka homa,
akasema safari imetosha, akapanda ndege.
Akatuachia masanduku mawili ya ubavuni
yenye vibandiko vya nchi nisizozijua,
na pikipiki nzito kama magunia matatu ya korosho.

Sasa imenyanyuliwa juu ya kreti za soda
nyuma ya ghala la chama cha msingi.
Gurudumu la nyuma linaning'inia
kama mguu wa mtoto aliyebebwa amelala.

Dadi anaukandamiza mkia.
Unashuka, unapanda, unashuka, unapanda, unashuka.
"Umeona? Haujui kunyamaza."
Oili imechuruzika juu ya springi,
vumbi jekundu la Kitangari limeishika,
limeota ngozi.
"Springi ni hasira," anasema, "haifi leo wala kesho.
Kinachokufa ni kile kinachoiambia basi."

Bolti ya chini imegoma.
Spana namba kumi na saba,
bomba juu ya spana,
Twalibu juu ya bomba.
Mafuta ya breki, moto kidogo, kisha tusi la Kimakonde
ambalo Dadi ananiomba radhi
nami nalirudia kwa matamshi yaliyonyooka zaidi.
Bolti inalia, inaachia.

Ya kulia ilikuwa na uhai bado.
Nilitaka tubadilishe moja, nyingine ingoje mnada wa korosho.
Dadi alikataa katakata.
"Nzima ukiifunga na mbovu, nzima inabeba mbili.
Hata haitasema. Siku moja tu utaikuta imekwisha."
Sikumjibu.
Kiuno changu kilitaka kumjibu.

Kwa hiyo zimekuja mbili, kwa basi kutoka Dar es Salaam,
ndani ya gunia la mbolea,
na jina la mwenyewe kwa wino mzito,
limekosewa herufi moja: MFALME.
Twalibu alicheka mpaka akaiangusha nati mchangani,
tukaitafuta wote watatu kwa magoti.

Mfalme yuko nyumbani, anapapasa meza akitafuta kikombe.
Alianza kwa kusema mashimo yamehama.
Mimi nilijua kwa kiuno
kabla daktari wa Ndanda hajajua kwa kioo chake.

Bushi hazikutoshea.
Dadi alizipiga msasa karibu saa nzima,
akipima kwa kidole kidogo,
kama anayejaribu pete ya mtu mwingine.

Halafu ile pete ya chini ya springi, yenye hatua tano.
"Inabeba watu wangapi?"
"Wawili."
"Na macho yale, Mzee anaendeshaje?"
"Anakaa nyuma."

Dadi akamtazama Twalibu.
Twalibu akaitazama nati.
Sikuwaeleza kuhusu uwanja wa shule,
alfajiri za miezi miwili,
Mfaume kwenye jiwe la pembeni, uso kaugeuzia upande mwingine,
akiisikiliza injini tu na kupaza sauti: bado, bado,
gia sasa.

"Weka ya nne."
"Ya nne itamuumiza, Mama Somoe. Njia unaijua."
Njia naijua.
"Basi ya tatu."

Mashimo nitayaona mimi.
Nitakayokosa, atanihesabia yeye,
kwa sauti, na kwa jina la kila kijiji,
kama nilivyokuwa nikimfanyia, naye akidhani nalalamika.

Dadi anaukandamiza mkia tena.
Unashuka. Unapanda.
Unanyamaza.

Ufundi anataka elfu arobaini.
Namwambia thelathini,
na gunia naondoka nalo.