Mshono wa Ndani

Injini ya Isuzu ni ndefu kuliko kifua cha Bedifodi,
kwa hivyo ukuta wa injini lazima ukatwe, urudi nyuma
shibiri moja na vidole vitatu. Nimepima kwa chaki
mara mbili, ya tatu kwa woga.

Bi Asya Faki kasema: "Fanya utakavyo,
ila pua ya gari la marehemu usiiguse.
Watu wa Konde walijua zamu yao imefika
kwa kuiona pua ile."

Nikakata bati la chini ya kioo. Likatema
majani makavu, makonyo ya karafuu,
tikiti ya meli, maji ya kutu ya masika sijui ya mwaka gani.
Kisha grenda ikafika pembeni, penye kanyagio la klachi,
nikaona kiraka.

Mshono umepinda kama njia ya siafu,
umetoboka hapa, umevimba pale.
Mbarouk, mwanafunzi wangu, akacheka hata akaketi:
"Huyu alichomea kafumba macho?"

Hakukosea. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
na miwani ilikuwa moja tu, ya Fundi Shehe.
Aliutazama mshono, akaupitisha kidole,
akaupaka lami, akaufunika kwa zulia.
"Pa ndani hapa," akasema. "Patakusubiri."

"Fundi gani?" Mbarouk anauliza.
"Alikuwapo mmoja, hapa hapa Jadida."

Kiraka nimekikata. Kimo mfukoni, kina joto bado.
Nampa Mbarouk miwani, nampa koleo la kuchomelea:
"Anzia pembeni.
Pa ndani hapa."