Tarakimu Ishirini

Saa nane usiku. Tandika imelala, mimi sijalala.
Cherehani nimeifunika kanga, sare za watoto wa watu zinangoja vifungo,
na sebuleni kwa Bi Havijawa tumebanana kumi na mmoja
mbele ya runinga yenye mstari wa kijani ubavuni,
tumeuzoea kama kovu la ndugu.

Mpira, niwieni radhi, hauniingii.
Mimi nangoja haya, yanayokuja baada ya miaka minne
kama mgeni mwenye masanduku mengi:
tufe, upondo, mishale,
farasi wanaotembea kama bibi harusi anayehesabu hatua,
na wanyanyua vyuma wanaojipaka unga viganjani
utadhani wanakwenda kukanda chapati,
kumbe wanakwenda kubeba nyumba.

Naangalia mishono. Ndiyo kazi yangu.
Yule binti wa sarakasi, zile shanga kifuani,
nani alizishona moja moja? Alilipwa? Kwa wakati?
Anapojipindua hewani mara tatu
nami nashika kiti: uzi, uzi, usikatike.
Haukatiki.
Fundi mwenzangu, popote ulipo, mkono wako nimeuona.

Usiku huu ni wanawake, mita elfu kumi,
mizunguko ishirini na mitano.
Lameck, aliyewahi kukimbilia shule yake huko Musoma
na bado anakaa kama anayesubiri bastola,
anatunong'oneza: "Mtazameni wa tatu. Yule anaficha."
Sote tukamtazama wa tatu.
Mzunguko wa ishirini na tatu, akaanza kufichua,
mabega yakashuka, shingo ikarefuka,
na

giza.

"Si nilisema jana mchange!" Sauti ya Bi Havijawa.
Mia tano, mia mbili, sarafu zilizokuwa za sukari;
elfu mbili ikatimia, ikaruka kwa simu.
Ujumbe ukamwangukia Sikudhani, mwenye kioo kilichopasuka,
akasimama mlangoni akisoma tarakimu:
"Nne, sita, sifuri, moja!"
Lameck uani akazipokea: "Nne, sita, sifuri, moja!"
Na Tumsifu, miaka tisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kidole kwenye mita, ulimi nje.
Nne nyingine. Nne nyingine.
Hapo kwenye ufa wa kioo, saba ikasomeka moja.
Mita ikakataa.
Kijiti kimeanguka, jamani, kiokoteni!
Tukaanza upya, tarakimu ishirini,
polepole safari hii, kama watu wanaovuka daraja bovu.

Mwanga.

Bingwa alishajifunga bendera, alishalia, alishafuta machozi.
Wa tatu je? Lameck aliuliza runinga. Runinga haikujibu.
Kilichobaki uwanjani ni mmoja, peke yake,
mzunguko mzima nyuma ya wenzake,
wa nchi ambayo mtangazaji alilimeza jina lake.
Namba yake kifuani imeshikwa na pini moja tu,
inapigapiga kama dirisha la nyumba isiyo na mtu.
Hakuigusa. Alikimbia nayo hivyo hivyo.

Sijui nani alianza. Nadhani Tumsifu, akiwa bado uani na hajui ni nani.
Tukampigia makofi, tukapiga masufuria,
jirani akagonga ukuta, kisha akaacha,
kisha, nadhani, akawasha yake.

Alivuka mstari. Hakuanguka chini, hakubusu ardhi.
Akainama, akaichomoa ile pini,
akainyoosha namba kwa kiganja,
akaibana upya, sawasawa,
wakati hakuna tena anayeihesabu.

Nina daftari la kuandikia washindi.
Usiku ule niliandika: *pini moja*.
Mita ilisoma uniti tano na kidogo.
Kesho kuna upondo. Bi Havijawa amesema friji izimwe.