Mizani ya Kirumba

Chuma changu ni saruji, makopo yale ya rangi,
kwa bomba bovu la maji, nanyanyua mara nyingi,
hata fundi mshonaji, amezidisha shilingi.
Mizani haina haya, inasema palepale.

Judo: sitini na sita, ndizo kilo shindanoni,
Kocha Sayi kanivuta, hadi Kirumba sokoni,
pa dagaa nikapata, moja pungufu sabini.
Mizani haina haya, inasema palepale.

Koti zito nalivaa, Bugando napanda mbio,
ugali naukataa, mama kazua kilio,
bega langu lasinyaa, kioo si kimbilio.
Mizani haina haya, inasema palepale.

Jumamosi nikatimu, sitini na sita sawa.
Muuza maji Kasimu, kanirusha kama njiwa.
Mizani haina haya; jamvi nalo lina lake.