Kitufe Chekundu

Weka chini bisibisi, Aminieli.
Najua mlango wa Kibosho unasubiriwa,
najua Krismasi inapandisha watu mlimani
na mwenye nyumba anataka migomba iliyochongwa
kabla mashemeji hawajafika kutoka Dar.
Weka chini.

Yule dereva wa kwanza ulimuua wewe,
Jumanne, saa nne na nusu.
Ulichomoa waya wa mota umeme ukiwa ndani.
Pa! Sauti ndogo, kama harage kwenye kikaango,
na harufu ile imo hadi leo katika koti langu.
Laki na themanini.
Sikukugombeza. Nilikwenda nyuma ya banda,
nikahesabu mbao za mkongo,
nikarudi.

Leo tunaanza na mota, ikiwa baridi.
Nyaya nne: nyekundu, kijani, njano, buluu,
na karatasi yake imeliwa na panya.
Usibahatishe. Gusanisha mbili,
zungusha mhimili kwa vidole.
Ukienda laini, hizo ni jirani tu.
Ukigoma, ukikaza kama mbuzi mlangoni,
hizo ni za tumbo moja: andika A.
Zilizobaki ni B. Mita itathibitisha,
lakini vidole vijue kwanza.

Sasa kompyuta. Inaishi kwa volti tano,
mtoto wa maziwa,
na huku upande wa pili arobaini na nane zinapumua.
Ndani ya dereva mna kijitaa usichokiona:
kompyuta inakonyeza, jicho la ng'ambo linapokea,
hatua moja.
Konyezo jingine, hatua nyingine.
Kama mkwe na mkwe wa zamani,
salamu zinavuka, ngozi hazigusani.
Ndiyo maana nilikufokea ulipofunga hasi kwa hasi
eti upunguze waya.

Kebo za mota zipite kushoto, za mapigo kulia;
zikilazimika kukutana, zikatane msalaba.
Wavu wa shaba ushike ethi upande mmoja tu.
Ukishika pande zote mbili
umezikaribisha kelele zizunguke humo,
na mashine itakuchorea jani
lisilo la mgomba, lisilo la mbuni,
lisilo la chochote kinachoota Pasua wala kwingineko.

Hujawahi kuniuliza kuhusu kidole hiki.
Nilikuwa Arusha, Unga Limited, kiwanda cha masanduku.
Umeme ulikatika, msumeno ukanyamaza,
nikaingiza mkono kutoa kipande kilichokwama.
Umeme ukarudi bila kupiga hodi.
Msumeno ukaendelea na sentensi yake
pale pale ulipoishia.

Kwa hiyo kabla hatujaifundisha hii kwenda
tunaifundisha kusimama.
Waya wa kitufe chekundu uwe umeunganika muda wote,
ili panya akiutafuna, mashine isimame;
skrubu ikilegea, isimame;
mimi nikianguka na kuuvuta, isimame.
Na usiutegemee ufahamu wa kompyuta kwa hili.
Kompyuta nayo huganda
kama karani aliyeulizwa risiti.
Kitufe kikate umeme wa mota chenyewe,
na Tanesco ikirudi
isubiri mtu mwenye macho aseme ndiyo.

Fyuzi ziko wapi? Usiniletee uzi wa shaba.
Na hapo usiguse bado. Nimezima, ndiyo,
lakini ile taa ya kijani inafifia polepole,
unaona? Kapasita zina kinyongo.
Hesabu mpaka sitini.
Pima.
Haya, kaza.

Madereva watatu, hakuna mwenye leseni,
na wote wanatusikiliza.
Toa mbao mezani. Toa na patasi yako.
Washa.

Inanguruma kidogo: ndivyo inavyoshikilia.
Ipeleke kushoto, taratibu. Kulia.
Usicheke bado.
Bonyeza chekundu.

Tena.

Tena, ikiwa mbioni.

Sasa mpigie mtu wa Kibosho,
mwambie Alhamisi.